Talaka, mikorosho na watoto: mwongozo kamili kwa wanandoa wa Mtwara na Lindi

Kusini kwetu talaka ni nyepesi kutamkwa na ngumu kumalizwa. Mume anaandika karatasi, au siku hizi anatuma meseji, mke anafunga mizigo anarudi kwao, na wazee wanasema basi, yamekwisha. Msimu mmoja au miwili baadaye ndipo yanaanza: shamba limeuzwa, mtoto hana sare ya shule, na mke mpya analala chini ya bati zilizonunuliwa kwa ufuta wa yule wa kwanza. Nimeandika kwa ajili ya wote wawili, mke na mume. Wanaume nao wanapoteza mengi, hasa nafasi ya kukaa na watoto wao, kwa kudhani kwamba kesi za ndoa ni mambo ya wanawake.

Utaratibu wenyewe si mrefu: karatasi, baraza, mahakama, kisha kukaza hukumu, yaani kuilazimisha itekelezwe. Wanaokwama mara nyingi sheria iko upande wao, ila wameanzia katikati.

Kwanza, jua kama ndoa yenu bado ipo

Kwa Tanzania Bara, ndoa zote, ziwe za Kiislamu, za Kikristo, za kimila au za serikali, zinaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na anayezivunja kisheria ni mahakama. Talaka ya shehe au ya karatasi ya mume ina uzito wake katika dini, lakini haigawi shamba, haimpangii mtoto pa kuishi, na haimlazimishi mtu kutoa hata senti. Sheria haijaipuuza. Kifungu cha 107 kinasema kwamba waliooana Kiislamu wakishapita barazani, baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, kisha mmoja wao akafanya tendo linalovunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu, mahakama itakubali kwamba ndoa imevunjika na kutoa talaka. Angalia mpangilio huo: baraza kwanza, tendo la talaka baadaye, mahakama mwisho. Wengi huku tunaanza na talaka, tunasahau baraza, na mahakama hatufiki.

Kwa Wakatoliki, ruhusa au ubatilisho wa mahakama ya kanisa ni jambo la kanisa. Ukitaka mali na watoto vipangwe, njia ni ileile ya serikali. Asiyetaka talaka kwa sababu ya imani yake anaweza kuomba amri ya kutengana.

Na walioishi tu pamoja bila kufunga ndoa? Kifungu cha 160 kinawatambua. Mkiwa mmeishi kinyumba miaka 2 au zaidi, na majirani wakawajua kama mke na mume, sheria inachukulia kwamba mlioana, mpaka mmoja athibitishe vinginevyo. Hata ikithibitika kwamba ndoa haikuwepo, mahakama bado inaweza kutoa amri kuhusu matunzo na watoto. Kwa hiyo maneno ya "huyu sikumuoa" hayamalizi kesi.

Kuna kikwazo kimoja kwa walioana juzi: ndoa isiyotimiza miaka 2 haiombewi talaka bila kibali maalumu cha mahakama, na kibali hutolewa pale tu mwombaji anapoonyesha mateso yasiyo ya kawaida.

Kusanya karatasi kabla ya kugombana

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Siku ya ugomvi mkubwa, aliyebaki ndani ya nyumba ndiye anayebaki na bahasha ya nyaraka. Piga picha kila kitu kwa simu, kisha zitume kwa dada au kaka unayemwamini, au uzihifadhi kwenye baruapepe, maana simu nayo hunyang'anywa.

Anza na cheti cha ndoa. Kama kimepotea, nenda kwa aliyewafungisha au ofisi ya mkuu wa wilaya mlikoandikishwa ukaulizie nakala. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vifuate. Mtoto wa chini ya miaka mitano anaandikishwa bila malipo kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, kwa hiyo hakuna sababu ya kwenda mahakamani na mtoto asiye na cheti. Kisha mikataba ya kununua kiwanja au shamba, hata ile ya daftari yenye sahihi za mashahidi na muhuri wa kijiji. Hati ya hakimiliki ya kimila kama ipo. Risiti za saruji, bati na nondo. Kadi ya bodaboda au bajaji. Daftari la kikoba. Karatasi za mkopo.

Halafu kuna karatasi moja ya kwetu ambayo mawakili wa mbali hawaifikirii: risiti za korosho. Tangu msimu wa 2007/08 korosho zetu zinapita stakabadhi ghalani. Mnapeleka gunia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinapimwa, mnapewa risiti yenye jina na kilo, zinakwenda ghala kuu, zinapigwa mnada, na fedha inaingia kwenye akaunti ya aliyeandikishwa. Risiti za misimu mitatu minne zinaonyesha kipato cha familia kuliko kiapo chochote. Mume akisema barazani kwamba shamba halizai, risiti zenye jina lake zinajibu. Kama risiti ziko kwake, andika jina la AMCOS, kijiji na msimu. Mahakama inaweza kuagiza kumbukumbu hizo ziletwe.

Hapo ndipo kasoro ya nyumba nyingi inapoonekana: mashamba matatu, yote yameandikishwa kwa jina la baba. Mama analima, anapalilia, anaokota, lakini kwenye daftari la chama hayupo. Kama bado mnaelewana, andikishaneni kila mtu na shamba lake na akaunti yake. Si uchokozi. Hata mwenzako akifa kesho, karatasi hizo zitakusaidia mbele ya ndugu zake.

Linda mali isiyeyuke

Ugomvi ukianza, mali huanza kutembea. Pikipiki inahamia kwa mdogo wake, mbuzi wanapelekwa kijiji kingine, na korosho ambazo bado ni maua mtini zinauzwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, kwa bei ya kutupa ili mnada ukifika kusiwe na kitu. Fanya haya mapema.

Kwa nyumba mnayoishi, kifungu cha 59 kinakataza mwanandoa kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani bila ridhaa ya mwenzake maadamu ndoa ipo. Andika barua kwa ofisi ya kijiji au mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata, ueleze kwamba nyumba hiyo ni ya ndoa na hujaridhia iuzwe. Bakia na nakala iliyogongwa muhuri wa "imepokelewa". Kama kiwanja kina hati, weka zuio kwa msajili wa hati. Mnunuzi wa Mtwara mjini au Lindi mjini mwenye akili zake huulizia kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya kutoa fedha, na barua hiyo itamkuta pale. Benki nazo zinatakiwa kupata ridhaa ya mwanandoa kabla ya kuchukua nyumba ya ndoa kuwa dhamana. Ukiletewa fomu usaini "ili mkopo utoke haraka", isome yote kwanza.

Badilisha namba ya siri ya simu na ya akaunti. Kama laini yako ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwenzako, sajili nyingine kwa jina lako. Usikope mikopo ya kausha damu kwa hasira ya kuanza maisha mapya. Riba yake itakula mgao wako kabla haujafika.

Kama kuna kipigo, yote hayo yanasubiri. Nenda hospitali, nenda polisi Dawati la Jinsia na Watoto, chukua PF3. Namba 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto. Fomu ile ya polisi baadaye itakuwa ushahidi wa ukatili katika kesi ya talaka, lakini kwanza ni usalama wako.

Baraza la usuluhishi

Kifungu cha 101 kinataka shauri lipite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kila kata inatakiwa kuwa nalo, na mabaraza ya BAKWATA na ya baadhi ya makanisa nayo yanatambuliwa. Nenda la kata mnayoishi, au la dini yenu kama wote wawili mnalikubali. Baraza halivunji ndoa wala haligawi mali. Kazi yake ni kuwapatanisha, na likishindwa, kutoa hati ya kuthibitisha hivyo, ile inayoitwa Fomu Namba 3.

Kikao chenyewe mara nyingi kiko hivi. Chumba cha ofisi ya kata, benchi mbili, wazee wanne watano, mke na shangazi yake upande mmoja, mume na rafiki yake upande wa pili. Mzee anauliza, "Haya mwanangu, unataka nini hasa?" Mke anajibu, "Mzee wangu, mimi nimechoka." Mzee anaandika: *mke amesema amechoka.* Basi. Hakuna neno la kipigo, la kutelekezwa, la miaka minne bila matumizi. Karatasi hiyo ndiyo itakayosomwa na hakimu. Kwa hiyo ukienda, nenda na maelezo yako umeyaandika: lini mlioana, watoto wangapi na umri wao, tatizo ni nini na lilianza lini, mmeshasuluhishwa na nani, na mnadai nini. Omba yaandikwe kama ulivyosema, na usisaini usichokisoma. Kama hujui kusoma, omba usomewe mbele ya shahidi wako.

Wazee wakikurudisha nyumbani mara ya kwanza "mkajaribu tena", si kosa lao. Kazi yao ni hiyo. Ila baraza lisilotaka kutoa hati hata baada ya kushindwa, na kukuzungusha mwezi baada ya mwezi, linakunyima haki. Peleka malalamiko kwa mtendaji wa kata au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au nenda baraza jingine linalotambuliwa.

Hati ikishatoka, angalia tarehe. Ombi la talaka linatakiwa kufunguliwa wakati hati haijapitisha miezi 6. Watu huiweka kabatini wakisubiri msimu uishe, wakija mahakamani wanaambiwa waanze upya.

Baraza linaweza kurukwa katika hali chache: mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6, ameitwa barazani akakataa makusudi, amefungwa maisha au miaka isiyopungua 5, ana ugonjwa wa akili usiopona, au kuna mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Kwa waliokimbiwa na waume waliovuka Ruvuma kwenda Msumbiji na kupotelea huko, hiyo ndiyo njia.

Kufungua shauri

Mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu, zote zina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa. Kwa wengi wetu, mahakama ya mwanzo iliyo karibu inatosha, na ni nafuu. Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara inahudumia mikoa yote miwili, na rufaa zinaishia huko kabla ya Mahakama ya Rufani. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo usimwogope anayekutisha kwa maneno ya Kizungu.

Talaka haitolewi kwa sababu mmoja amechoka. Mahakama inatafuta kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na inaangalia mambo kama uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kutojali makusudi, kutelekezwa au kutengana kwa hiari kwa miaka isiyopungua 3, kifungo kirefu, na kubadili dini pale ambapo dini iligusa ndoa yenyewe. Chagua lile unaloweza kulithibitisha. Kutaja uzinzi bila shahidi huchafua kesi nzuri ya kutelekezwa.

Kwenye hati yako ya madai omba mambo manne kwa pamoja: talaka, mgawanyo wa mali, malezi ya watoto, na matunzo yao. Anayeomba talaka peke yake akidhani mali itafuata yenyewe, hujikuta na karatasi ya talaka na mlango wa kuanzia kesi nyingine. Orodhesha mali kwa kueleweka: "shamba la mikorosho 85, kitongoji fulani, linapakana na barabara kusini na shamba la fulani mashariki, lilinunuliwa 2014", si "mashamba mawili". Kama msimu uko karibu, omba na amri ya muda ili fedha ya mnada isitoke yote kwa mkono mmoja, pamoja na matunzo ya muda wakati kesi inaendelea.

Kama huna fedha ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na wako hadi vijijini. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili, lakini kukusaidia kuhusu hati na kukuelekeza wanaweza, tena bure. Anayekuomba fedha kwa jina la msaada wa kisheria, achana naye.

Mgawanyo wa mali, na hasa mikorosho

Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Hakimu anaangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto wadogo, na mila za jamii husika, na baada ya hapo anaelekea kwenye usawa. Kuelekea usawa si lazima iwe nusu kwa nusu. Mwenye ushahidi wa mchango anasogea juu, asiye nao anashuka.

"Mke alikuwa nyumbani tu" halikubaliki tena kama hoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika uchumaji wa mali ya ndoa. Wanaolitaja sana shauri hilo husahau upande wake wa pili: Bi Hawa mwenyewe hakufanikiwa, kwa kuwa mahakama iliona alitapanya fedha ya biashara aliyokabidhiwa na mumewe kwa manufaa ya familia. Kwa hiyo mume naye ana la kusema kama mwenzake alimaliza mtaji, na mke mwenye daftari la matumizi yuko salama zaidi.

Sasa mikorosho. Mkorosho unadumu kuliko ndoa nyingi. Shamba moja linaweza kuwa na miti ya babu, miti iliyonunuliwa na miti mliyopanda wenyewe, yote imechanganyika. Kabla ya kwenda mahakamani, ingieni shambani na mwenyekiti wa kitongoji mkahesabu miti kwa makundi hayo matatu, mwandike, msaini. Siku hiyo moja huokoa miezi ya kubishana. Mliyonunua au kupanda ndani ya ndoa inaingia kwenye mgao moja kwa moja. Ile ya urithi ni ya mrithi, lakini sheria inasema mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa ikiboreshwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake, au na wote wawili, inahesabiwa nayo. Shamba lililokuwa pori, mkalisafisha, mkapogolea, mkapulizia salfa kila mwaka na likaanza kuzaa, limeboreshwa. Mashahidi wako ni majirani wa shamba, vibarua mliowalipa, na risiti za AMCOS zinazoonyesha kilo zikipanda mwaka hadi mwaka.

Kusini tuna jambo ambalo miongozo mingi ya mikoa mingine hailigusi. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo umefuata upande wa mama tangu zamani, na mume mara nyingi ndiye aliyekuja kukaa ukweni. Amejenga nyumba ya tofali za kuchoma kwenye kiwanja cha wajomba wa mke, amepanda mikorosho kwenye ardhi yao, na siku ya talaka anaambiwa achukue baiskeli yake aende. Kaka, kifungu cha 114 hakichagui jinsia. Usidai ardhi ya ukoo, utapoteza muda na kuwakasirisha wazee bure. Dai thamani ya ulichoongeza: nyumba, miti, kisima. Omba mthamini wa halmashauri, au walau makadirio ya fundi na mwenyekiti, kisha omba kulipwa fedha. Ushauri huohuo namwambia dada aliyelima shamba la ukoo wa mume: chukua thamani, uwaachie ardhi yao, ukanunue lako.

Namna ya kugawa nayo ni ya kufikiria. Kugawa miti ya shamba moja, huyu kaskazini, yule kusini, kunawaacha watalaka mkipuliziana dawa kila Juni na kugombana nani kaokota za nani. Kama yapo mashamba mawili, kila mtu achukue lake hata kama hayalingani, tofauti ilipwe kwa fedha. Kama ni moja, mmoja abaki nalo amlipe mwenzake kwa awamu, kila awamu baada ya mnada, na tarehe ziandikwe ndani ya hukumu. Kuuza na kugawana fedha iwe ya mwisho, maana shamba linalouzwa kwa talaka huuzwa kwa haraka na bei ya haraka.

Madeni yanagawanywa pia. Mkopo wa kikoba uliolipia bati au matibabu ya mtoto ni wa wote. Mkopo wa mume wa kuolea mke wa pili ni wake. Penye wake wawili, kila mmoja anadai kutoka kwenye kile alichokichuma na mume, na mgao wa anayeachwa hautakiwi kumeza jasho la mwenzake. Mahari ni mazungumzo ya kidini na kimila, hasa pale mke anapojivua kwa khului. Yasichanganywe na mgao, na mke asikubali kuachia shamba kwa sababu tu amerudisha mahari.

Watoto

Hapa tusome polepole, maana ndipo uongo mwingi ulipo.

Wa kwanza ni kwamba mtoto akitimiza miaka 7 anarudi kwa baba. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 125 kinachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama, na hata hilo baba anaweza kulipinga kwa ushahidi. Baada ya hapo hakuna kengele inayolia. Mahakama inaangalia ustawi wa mtoto kwanza, kisha matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kujieleza, na mila za jamii. Inaangalia pia madhara ya kumhamisha mtoto aliyekwisha kuzoea shule na mahali.

Uongo wa pili ni wa upande wetu wa ukoo wa mama: "mtoto ni wa mjomba, baba hana chake." Mila inasikilizwa, lakini haiko juu ya ustawi wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto ambaye wazazi wametengana haki ya kukaa na mzazi anayeweza kumlea vizuri kwa maoni ya mahakama, kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili bila kuvuruga masomo, na kuendelea kupata matunzo na elimu kama aliyokuwa nayo kabla ya wazazi kuachana. Wa tatu: asiyetoa matunzo asimwone mtoto, au asiyeonyeshwa mtoto asitoe matunzo. Hayo ni mambo mawili tofauti, kila moja lina amri yake, na mzazi anayetumia mtoto kama rehani huonekana vibaya mbele ya hakimu.

Afisa ustawi wa jamii anaweza kutumwa kuangalia nyumba zote mbili na kuandika taarifa. Anaangalia mtoto analala wapi, anakula nini, shule iko umbali gani, nani anabaki naye mzazi akiwa shambani au baharini. Usimsafishie nyumba kama mgeni wa harusi. Mwonyeshe maisha ya kweli, na mpango wa kweli: "nikienda kuvua usiku, analala kwa mama yangu, mlango wa pili."

Ratiba ya kumwona mtoto iandikwe kwa kalenda ya huku. "Atamwona wikiendi" haifai kama baba yuko Liwale na mama yuko Mikindani. Andikeni likizo ya Juni kwa nani na ya Desemba kwa nani, Idi na Krismasi, nani analipa nauli, mtoto anakabidhiwa wapi. Na jando na unyago msiuache nje. Likizo hizo ndizo msimu wa ngoma, na ugomvi wa nani anampeleka mtoto, kwa kungwi gani na kwa gharama ya nani, umewarudisha wengi mahakamani. Mkubaliane mapema, na masomo yasiguswe. Kama una hofu ya kweli kwamba mwenzako atamvusha mtoto kwa ndugu zake Msumbiji, iwe kwa Daraja la Umoja kule Mtambaswala au kwa mtumbwi, omba mahakama izuie mtoto kutolewa nchini. Uwezo huo inao.

Matunzo sasa. Wajibu wa kwanza ni wa baba, na unahama au kugawanywa pale baba amefariki, hajulikani aliko au hawezi. Hakuna kiwango kimoja cha nchi nzima. Hakimu anaangalia kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaotegemea fedha hiyohiyo, na gharama za maisha mahali mnapoishi. Kwa hiyo usiende na neno "matunzo" tu, nenda na hesabu. Tuseme watoto wawili Masasi: chakula 120,000 kwa mwezi, sabuni, mafuta na nguo 30,000, chakula cha shuleni na madaftari 25,000, matibabu 15,000, sehemu ya kodi 30,000. Jumla 220,000. Shule za serikali hazina ada, lakini sare, madaftari na michango ipo, na hakimu anajua. Hesabu ya namna hii baba anaweza kuipinga mstari kwa mstari, na ndivyo inavyotakiwa. Wakati mwingine mnafika 160,000 na wote mnatoka mnajua kwa nini.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kumpangia mkulima malipo sawa ya kila mwezi kama mtumishi mwenye mshahara. Fedha ya mkulima wa huku inakuja ufuta ukiuzwa katikati ya mwaka, kisha korosho kuanzia Oktoba, na Machi mfuko ni mtupu. Amri isiyolipika hailipwi. Omba kiasi kidogo cha kila mwezi, na kikubwa mara moja baada ya mnada, kifike kabla shule hazijafunguliwa Januari. Kwa mwajiriwa wa serikali au wa kiwandani, omba makato yatoke moja kwa moja kwenye mshahara. Malipo yapite kwenye simu au benki, yaandikwe "matunzo" na mwezi wake. Baba anayetoa mkononi bila ushahidi hujikuta anadaiwa mara ya pili.

Matunzo ya mke

Hili ni fupi. Mahakama inaweza kuamuru mume kumtunza mke wakati wa kesi, na hata baada ya talaka, kwa kuangalia uwezo wa mmoja na mahitaji ya mwingine. Akiolewa tena, matunzo yake yanakoma, lakini ya watoto yanaendelea. Kwa Waislamu, makazi na chakula cha eda ni haki yake, na akiwa mjamzito eda inaendelea mpaka ajifungue. Mumewe asimtoe nyumbani katika kipindi hicho.

Hukumu ikishatoka

Siku hiyohiyo uliza karani mwisho wa siku za rufaa ni lini, uandike, na uombe nakala ya hukumu na ya hati ya talaka zilizogongwa muhuri. Chukua nakala tatu. Moja iende kusajili talaka RITA, nyingine AMCOS na benki kama kuna mali ya kuhamisha, ya tatu ibaki kwako. Shamba ulilopewa likaandikishwe kwa jina lako kijijini na kwenye chama kabla ya msimu, vinginevyo risiti zitaendelea kutoka kwa jina la zamani.

Asipotekeleza, usirudi kulalamika kwa wazee. Fungua maombi ya kukaza hukumu kwenye mahakama iliyotoa amri, ambayo inaweza kuagiza mali yake ikamatwe na kuuzwa na dalali wa mahakama, au mshahara wake ukatwe. Nenda na orodha ya alichonacho na kilipo. Dalali hatafuti pikipiki asiyoijua namba.

Mambo yakibadilika, mtoto ameugua, baba amepoteza kazi, mama amehamia Dar es Salaam, yeyote kati yenu anaweza kuomba amri ya malezi au matunzo ibadilishwe. Usipunguze kiasi kwa uamuzi wako mwenyewe, wala usimbakize mtoto baada ya likizo kwa sababu "amesema anataka kukaa". Omba kwanza. Amri za matunzo ya mtoto kwa kawaida zinakoma akitimiza miaka 18, na hadi siku hiyo namba ya shauri lenu ni ileile, kwa hiyo iandike mahali ambapo hata mtoto mwenyewe ataiona.